Kura ya Mfupa

Ilipofika saa nne asubuhi, Subilaga Mwandemele alikuwa amekwisha kutukanwa na watu kumi na saba, na wa kumi na nane ndiyo kwanza alikuwa anakaa kitini na kupandisha sketi hadi gotini. Foleni ilianzia mezani pake, ikatoka nje ya ukumbi wa shule, ikazunguka uwanja wa netiboli na kuishia mahali ambapo hakutaka hata kupatazama. Wanaume wote walikuwa wamekunja suruali mguu mmoja. Ukiwaona kwa mbali ungedhani mji mzima wa Ilundo umejiandaa kuvuka mto na kuahirisha katikati.

"Jina?"

"Unaniuliza jina! Mnafu unanunua kwangu kila Jumamosi, mwanangu, na juzi nimekuongezea fungu bure."

"Ni utaratibu tu, mama."

"Haya. Chausiku Mbegu. Muuza mboga. Andika na hilo la kuuza mboga, lisije likapotea."

Subilaga alimfunga Shahidi, kama chombo cha kupimia kilivyoitwa, mguuni. Kwa umbo chombo kile hakikuwa na ajabu, kilikuwa mkanda kama wa kupimia presha, ila huu ulifungwa kwenye muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu, na badala ya kubana mshipa ulipenyeza chini ya ngozi mnururisho usiouma ambao kazi yake ilikuwa kuusoma mfupa. Maji ya kila mahali yana uzito wake. Ya mvua na ukungu wa milimani ni mepesi. Maji ya mto uliopigwa na jua la bondeni kwa wiki nzima ni mazito. Tofauti ni ndogo mno, ulimi hauihisi, lakini mfupa unaihisi na kuiweka. Na kwa kuwa mfupa hujijenga upya polepole, Shahidi aliweza kukueleza kwa miaka kumi na zaidi iliyopita mwenye mguu amekuwa akinywa maji ya wapi.

Hapo ndipo wanasiasa walipokata kiu yao. Nyanda ilikuwa nchi moja kati ya saba za Shirikisho, na baada ya wiki mbili ilikuwa ipige kura ya kuamua ijitoe au ibaki. Kujitoa si tatizo, tatizo lilikuwa nani aulizwe. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vinaghushiwa. Lugha ilikuwa moja. Majina yalikuwa yamechanganyika kwa ndoa, na mpaka kati ya Nyanda na jirani yake Tambarare ulikuwa kibao kimoja kando ya barabara, chenye kutu. Bunge likabishana miezi kumi na minne, wakatukanana mpaka matusi yakawaishia, hatimaye wakapitisha kifungu cha nne: atapiga kura yule ambaye mfupa wake umejengwa na maji ya Nyanda kwa sehemu zisizopungua sitini kwa mia.

Shahidi alilia mlio mfupi. Kwenye kioo ikaja namba.

"Kumi na mbili, mama. Huna sifa."

"Sina nini?"

"Sifa. Ya kupiga kura."

Chausiku aliinama akautazama mguu wake kana kwamba umemsema. Halafu akainua uso. "Nilikuja hapa kutoka Tambarare nikiwa msichana, sikatai. Mwaka wa ishirini na sita huu. Nimezaa wanne hapa, nimemzika mume wangu pale juu. Sasa niambie, miaka yote hiyo nimekuwa nikinywa nini? Naagiza maji kwa posta?"

"Rufaa ni dirisha la pili."

"Nakunywa bomba lile lile unalokunywa wewe, binti Mwandemele! Lile lile!"

"Dirisha la pili, mama. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Gwakisa, fundi seremala, ambaye kaburi la babu wa babu yake liko nyuma ya shule ile ile na amelijengea uzio yeye mwenyewe. Alikaa kwa majivuno, mguu mbele, akiwapungia watu waliokuwa nyuma yake. Shahidi akalia. Kumi na moja.

"Rudia," alisema Gwakisa.

Akarudia. Kumi na moja.

Aliyemfuata akapata tisa. Wa baada yake kumi na tatu, naye alikuwa chifu wa mtaa. Subilaga alihisi jasho jembamba likimtoka mgongoni. Alifungua mkanda, akaugeuza kiti upande wa ukuta ili watu wasione, akakunja suruali yake mwenyewe na kujifunga Shahidi. Alizaliwa Ilundo, akasomea Ilundo, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa mafunzo ya wiki tatu ya kutumia kidude kile.

Kumi.

Alibandika mlangoni karatasi iliyosema wamekwenda kunywa chai, akafunga.

*

"Ni Bomba Kuu, Mheshimiwa," alisema. "Si hitilafu. Shahidi anasema kweli tupu."

Kamishna Lutengano wa Tume ya Kura alikuwa mtu mpana, mwenye tabia ya kupangapanga kalamu zake mezani kila alipopewa habari asiyoipenda. Sasa alikuwa amezipanga mara tatu.

"Bomba linahusikaje na mifupa ya watu?"

Subilaga alivuta pumzi. Miaka thelathini na mmoja iliyopita chemchemi za Ilundo zilikauka, na Shirikisho likavuta bomba kutoka mto mkubwa wa Tambarare, likapandisha maji mlimani kwa pampu kumi na mbili. Jambo hilo kila mtoto wa Nyanda alilijua, liliimbwa mashuleni. Tangu hapo miji yote ya Nyanda ilikunywa mto wa Tambarare. Na si kunywa tu. Maji ya bomba yakawa ndiyo ustaarabu wenyewe: mgeni akifika anapewa glasi ya maji ya bomba iliyofunikwa kisahani, kabla hata ya kuulizwa habari za safari. Waliobaki kunywa maji ya ukungu, yanayokingwa kwa nyavu, walikuwa watu wa vijiji vya Mgongoni, juu kabisa, na mjini walichekwa kwa hilo.

"Na kigezo chetu cha maji ya Nyanda tulikitoa wapi?" aliuliza Kamishna, ingawa sauti yake ilionyesha ameanza kukumbuka.

"Mgongoni. Na majaribio tuliyafanya huko huko. Walifuzu wote, tukapiga makofi."

"Kwa nini hatukujaribu mjini?"

"Nani angekubali kupimwa, Mheshimiwa? Mjini kila mtu alikuwa anajijua ni nani."

Kamishna alizipanga kalamu kwa mara ya nne. "Badilisha kigezo."

"Nikisema maji ya Bomba ndiyo maji ya Nyanda, Ilundo yote inafuzu. Na Tambarare yote inafuzu pia, watu milioni nne, maana mto ni wao. Kila aliyehamia juzi na begi lake anapata kadi. Na Mgongoni wote wanafeli."

"Basi weka vyote viwili."

"Hapo anafuzu kila mwenye mguu."

"Dada Subilaga, unanikorofisha."

"Maji ndiyo yanayotukorofisha, Mheshimiwa."

Kamishna aliinuka, akafunga dirisha, akatoa kwenye droo karatasi zilizobanwa pamoja. Alizisukuma mezani bila kumtazama. Juu kabisa iliandikwa: Orodha ya Wazawa. Yalikuwa majina elfu na mia mbili ya kuanzia, alisema, mengine yangekuja. Jina la mtu likiwa humo, msimamizi angebonyeza mahali palipoandikwa Marekebisho, na Shahidi angeongeza namba mpaka ipite sitini. Chombo kilitambua dole gumba la msimamizi mkuu peke yake. Yaani la Subilaga.

"Kesho kuna mjadala wa hadhara ukumbi wa mji, unarushwa nchi nzima," alisema Kamishna. "Mwisho wa mjadala, mpiga kura wa kwanza anapimwa mbele ya watu. Unamjua ni nani."

Alimjua. Jina lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kwa wino uliokolezwa: Mwalimu Anyosisye Mwandemele. Baba yake.

*

Alipofika nyumbani, Shahidi mkobani, jua lilikuwa bado kali, na baba yake alikuwa barazani akisoma kwa sauti hotuba ya kesho. Kando yake ilikuwepo glasi ya maji, imefunikwa kisahani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mapema? Umemaliza kuwapima?"

"Wamenimaliza wao."

Mwalimu Mwandemele alicheka. Alikuwa na miaka sabini na sita na moyo ambao daktari alikuwa haupendi. Miaka ishirini alikuwa akiidai kura hii. Kwa ajili yake alifukuzwa kazi ya ualimu, kwa ajili yake alilala jela miezi tisa, na kila alipougua alisema jambo lile lile: acheni nipige kura ile, baada ya hapo mnizike hata kesho. Kifungu cha nne, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kilikuwa mwandiko wake. Subilaga hakuwa na hakika kama anataka nchi ijitoe au ibaki; alikuwa amechoshwa na pande zote mbili kwa kiwango sawa. Lakini alimpenda baba yake, na alitaka apige kura yake. Hilo lilimkera kuliko vyote.

"Baba, kunja suruali."

"Nitapimwa kesho, mbele ya watu."

"Kunja, baba. Nakuomba."

Akakunja, huku akinung'unika. Shahidi akalia. Subilaga alimgeuzia kioo.

"Kumi na mbili," alisoma Mwalimu. "Maana yake nini, kumi na mbili?"

"Kwa mia."

"Kimeharibika. Rudia."

Akarudia. Mguu mwingine, akarudia. Kumi na mbili, kumi na mbili. Ndipo akamweleza yote, Bomba na mto na Mgongoni, na kadiri alivyoeleza ndivyo macho ya baba yake yalivyokwenda ukutani sebuleni, palipoonekana kupitia mlangoni ile picha kubwa: Anyosisye Mwandemele, nywele bado nyeusi, katibu wa kamati ya maji, akifungua bomba la kwanza la Ilundo huku watu wakishangilia. Tangu siku ile hakunywa maji mengine. Akisafiri alibeba chupa. Akitembelea Mgongoni alikataa maji yao kwa adabu, akisema hakupigania bomba ili anywe umande.

Mama yake alitokea nyuma ya nyumba akiwa na ndoo mbili, ametoka kukung'uta nyavu zake za ukungu. Mama Zamda alizaliwa Tambarare, akaja Ilundo kama bibi harusi, na kwa miaka yote ya Bomba alikuwa amekataa katakata kunywa maji yake. Sababu hakuificha: maji yale yalifanya chai ifunge utando juu, na chai yenye utando yeye hanywi, hata aje rais wa Shirikisho kumbembeleza. Mumewe aliona haya juu ya nyavu zile. Wageni wakija, aliwaambia ni za kuzuia ndege.

"Mnapimana nini?" aliuliza.

"Mwanao anasema mimi si mtu wa hapa," alisema Mwalimu.

"Ehe! Na mimi nipime."

"Wewe wa nini, Zamda? Umezaliwa Tambarare, kila mtu anajua."

"Mguu ninao, si ninao?" Aliweka ndoo chini, akakaa kwenye ngazi, akainua khanga.

Shahidi akalia. Themanini na nane.

Kisha Mama Zamda akaanza kucheka, polepole kwanza, halafu kwa kishindo, mpaka akashika nguzo ya baraza asianguke. "Themanini na nane! Mwalimu! Miaka yote unaniambia nyamaza, ninyi hamyajui ya Nyanda!"

Subilaga alifunika uso kwa viganja. Hakujua kama analia au anacheka. Alichojua ni kwamba angeweza kuutupa mkanda ule kisimani, kama kisima kingekuwepo. Aliposhusha mikono alitoa ile orodha mkobani akaiweka magotini pa baba yake.

"Kesho nikibonyeza hapa, utafuzu. Jina lako ni la kwanza."

Baba yake aliitazama muda mrefu. "La mama yako lipo?"

"Halipo. Ni orodha ya wazawa."

"Hm."

"Kuna mama mmoja, muuza mboga, alipimwa asubuhi. Amekaa hapa miaka ishirini na sita. Naye alipata kumi na mbili, nikamwambia hana sifa, nikaita anayefuata. Kumi na mbili yake na yako ni ile ile, baba. Kwako nibonyeze, kwake nisibonyeze?"

"Mimi ni mzawa!"

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo? Uliandika mfupa!"

"Usinifundishe nilichoandika, Subilaga!" Mwalimu aliinuka kwa ghafla, akasimama akitweta, mkono kifuani. Mama Zamda aliacha kucheka. Mzee alikunjua suruali yake, akachukua hotuba na orodha, vyote viwili, akaingia ndani bila kusema abonyeze wala asibonyeze.

*

Ukumbi wa mji ulijaa mpaka madirishani. Mjadala ulianza saa tatu, na ilipotimia saa sita Subilaga alikuwa amesikia mapendekezo kumi ya nani apige kura, kila moja la kipuuzi kuliko lililotangulia. Mmoja alitaka wapige wenye makaburi ya mababu. Akainuka mwingine kuuliza, na waliochoma maiti zao je? Wa tatu alitaka wapige wanaojua ngoma za Nyanda, na alipoombwa acheze moja akakasirika. Bwana mmoja wa upande wa kubaki alisema wapige kura watu wote wa Shirikisho, nchi saba, kwa kuwa ndoa haivunjwi na mmoja. Wanawake wa safu za mbele wakamzomea kwa sauti moja. Kila aliyepanda jukwaani alimalizia kwa kusema kwamba bahati nzuri jambo lenyewe limeshamalizwa na sayansi. Na kila mmoja, kabla ya kushuka, alikunywa glasi ya maji ya bomba iliyofunikwa kisahani.

Waliofeli jana walikuwa wameambiwa kwamba vyombo vinafanyiwa matengenezo. Chausiku alikuwepo, safu ya tatu kutoka mwisho, mikono kifuani.

Kamishna alimwita Mwalimu Mwandemele. Makofi yalilipuka, watu wakasimama. Mzee alipanda jukwaani taratibu, amevaa suti ya kahawia aliyovaa siku aliyotoka jela. Alikaa, akakunja suruali kwa uangalifu, mikunjo mitatu iliyo sawa. Nyuma yake palikuwa na kioo kikubwa ambacho namba yake ingetokea ikaonwa na nchi nzima.

Subilaga alimfunga mkanda. Alisikia mapigo ya moyo wa baba yake hata mguuni.

"Baba," alinong'ona. "Sema."

Hakusema. Alimtazama tu, na lile jicho lake la darasani, ambalo liliwahi kukamata wanafunzi mia wakinakili, halikuwepo. Lilikuwepo jicho la mzee anayetoka jasho. Ndipo Subilaga alipoelewa: alitaka abonyeze. Alitaka sana, kuliko alivyowahi kutaka kitu. Ila hakutaka kuwa ndiye aliyeomba.

Hasira iliyompanda ilikuwa mpya kabisa. Aliikasirikia Tume, akalikasirikia Bomba, lakini zaidi alimkasirikia mtu huyu aliyemfundisha, akiwa na miaka sita, kurudisha penseli ya shule aliyoisahau mkobani mwake, wakatembea kilomita tatu kuirudisha, na leo anamwachia yeye dhambi aibebe peke yake. Dole lake lilikuwa juu ya neno Marekebisho. Kamishna alikohoa. Dole likashuka kidogo, akalihisi joto la kioo.

Akaliondoa. Aliiweka mikono yake yote miwili mezani, mahali ambapo kila mtu angeiona.

Shahidi akalia. Kumi na mbili.

Kelele zilizotoka ukumbini zilitikisa glasi kwenye meza. Kamishna alirukia kipaza sauti. "Ndugu wananchi, ni hitilafu ya umeme! Hitilafu ndogo tu ya umeme!"

"Hakuna hitilafu."

Sauti ya Mwalimu haikuhitaji kipaza sauti. Ilikuwa imezoea madarasa ya watoto themanini. Alikuwa amesimama, mguu mmoja bado umekunjwa, na uso wake ulikuwa umepauka. Alimtupia bintiye jicho moja tu, na jicho lile lilikuwa limerudi.

"Jana nyumbani kwangu kilisema hivyo hivyo, mara tatu. Ni maji. Tunakunywa mto wa Tambarare, sisi sote, na mimi ndiye niliyeufungulia bomba."

"Basi kifungu kibadilishwe!" alipiga kelele mtu.

"Hakibadiliki zikibaki chini ya siku tisini kabla ya kura. Hilo nalo niliandika mimi." Alitafuta pumzi. "Nilipokiandika, niliwafikiria wengine. Sikujifikiria. Nilidhani mimi ndiye kipimo." Akautazama mguu wake. "Sheria ni sheria. Sina sifa."

Subilaga alitaka kumshika mabega amtikise. Sema ni sheria ya kijinga, baba! Sema mlikosea, sema tuanze upya, watu wote hawa wanakusikiliza! Lakini hapana, mzee alikuwa amekwishaanza kukunjua suruali, mkunjo mmoja mmoja, mtiifu kwa upuuzi wake mwenyewe hadi mwisho.

Sauti ilitoka safu ya tatu kutoka nyuma. "Rufaa ni dirisha la pili, Mwalimu," alisema Chausiku. "Utanikuta. Foleni inaanzia nje."

*

Kura ingepigwa vivyo hivyo. Kamishna alitangaza hivyo redioni jioni, kwa sauti ya mtu aliyekosa njia nyingine: wapiga kura wangekuwa elfu thelathini na moja, karibu wote wa Mgongoni, watu ambao hakuna mwanasiasa aliyewahi kupanda kuwaomba chochote, na sasa barabara ya kwenda kwao ilikuwa imeziba kwa magari ya kampeni. Subilaga alinyang'anywa Shahidi na kuagizwa aandike barua ya kujieleza. Alikuwa amefika aya ya kwanza na kuichana mara mbili.

Walikaa barazani watatu. Kadi ya bluu ya mpiga kura ya Mama Zamda, aliyopewa alasiri ile baada ya kupimwa rasmi, ilichungulia kwenye pindo la khanga, na yeye hakufanya haraka kuificha.

"Utapigia upande gani?" aliuliza Mwalimu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu warudi.

"Sijaamua."

"Hujaamua! Zamda, miaka ishirini naeleza jambo hili ndani ya nyumba hii!"

"Umeeleza, sikatai. Hujawahi kuniuliza."

Mwalimu aliishika glasi yake, akainua kisahani, akatazama ndani kwa muda, kisha akakirudisha na kuisukuma glasi mbali.

"Haya," alisema. "Nakuuliza."

Mama Zamda alimkazia macho kuona kama anatania. "Ni habari ndefu," alisema.

"Nina nafasi."

Mwalimu alimgeukia binti yake. "Ule mfupa. Kutoka kumi na mbili hadi sitini, unachukua muda gani?"

"Ukibadilisha maji leo?" Subilaga alisita. Alifikiria kumdanganya, na akachoka kabla hajaanza. "Miaka kumi, baba. Kwa umri wako labda kumi na miwili."

Midomo ya mzee ilitembea kidogo, kama alivyofanya enzi zile akijumlisha alama za mitihani. Sabini na sita na kumi na miwili. Alifika kwenye jibu, akakaa nalo.

Kisha akaichukua glasi, akamwaga maji yake yote kwenye maua chini ya baraza, akaisogeza upande wa ndoo za mkewe.

"Nitilie," alisema.

Mama Zamda alichota kwa kata, akamjazia. Mwalimu alikunywa hadi chini bila kupumzika, akafuta midomo, akasogeza glasi tena.